Mpaka Usiotulia

Ndugu msomaji, kabla hatujafika mbali naomba ufanye jambo moja. Jaza glasi maji mpaka ukingoni, ifunike kwa kadi ngumu (kadi ya mchango wa harusi inafaa sana, hasa ile uliyoshindwa kuichangia), shikilia kadi kwa kiganja, pindua glasi juu chini, kisha ondoa mkono taratibu. Maji hayamwagiki. Wengi wetu tulionyeshwa mchezo huu shule ya msingi tukaambiwa sababu yake: kanieneo ya hewa inaisukuma kadi kwenda juu. Na ni kweli. Hewa hii tunayoivuta bila kuilipia ina nguvu ya kubeba maji ya kina cha mita 10 hivi, sembuse maji ya glasi moja.

Sasa toa kadi. Puu! Yote sakafuni.

Mbona? Hewa haikupungua nguvu. Ni ile ile, inasukuma vile vile. Na kadi ya karatasi haikuwa imebeba chochote, haina ubavu huo. Jibu nililikuta ukubwani, na lilinikosesha usingizi kidogo. Kadi ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kuunyoosha mpaka. Ukiitoa, uso wa maji hauwezi kubaki umenyooka hata kwa kufumba na kufumbua. Mahali fulani unabonyea kidogo kwenda chini, mahali pengine hewa inachungulia kidogo kwenda juu. Palipobonyea maji ni mazito zaidi, kwa hiyo panabonyea tena. Pale hewa ilipochungulia pamekuwa pepesi zaidi, kwa hiyo inapanda tena. Kila kikunjo kinajilisha chenyewe. Hewa inaingia kwa vidole, maji yanatoka kwa vidole, na glasi inabaki tupu. Yaani maji hayamwagiki kwa sababu hewa imeshindwa kuyabeba. Yanamwagika kwa sababu mpaka wao umevunjika.

Mimi ni mtu wa kidato cha nne, sikuendelea. Ninaandika riwaya ambayo sasa imefika daftari la tatu, na ndani yake kuna jahazi linalopigwa na wimbi. Wimbi lile lilinisumbua. Nilitaka kulieleza kama anayeliona, si kama anayekumbuka mawimbi ya vitabuni. Nikaanza kusoma namna watu wa kompyuta wanavyolitengeneza wimbi, maana katika filamu za siku hizi bahari nyingi si bahari, ni hesabu. Nilidhani nitakuta habari za mafundi wa sinema. Nilichokuta ni habari ya ule mpaka wa kwenye glasi, na imeanzia mahali ambapo sikupatazamia.

Aliyelitia jambo hili kwenye hesabu kwanza alikuwa Lord Rayleigh wa Uingereza, mwaka 1883. Alionyesha kwamba kimiminika kizito kikikaa juu ya chepesi, mkunjo wowote kwenye mpaka wao, hata uwe mdogo kuliko unywele, utakua. Tena haukui kwa kujumlisha, unakua kwa kuzidisha, kama riba ya mkopeshaji wa mtaani. Kisha akaja Mwingereza mwingine, Geoffrey Taylor, akaongeza neno moja zito: si lazima kilicho kizito kiwe juu. Cha kuangalia ni nani anamsukuma nani. Chepesi kikikisukuma kizito kwa kasi inayoongezeka, mpaka utavunjika, hata kama vimelala ubavu kwa ubavu. Makala yake ilichapishwa mwaka 1950, na mwaka huo huo D. J. Lewis akatoa majaribio yake ya kusukuma maji kwa hewa iliyoshindiliwa na kuyapiga picha: hewa ikiingia kwa vichwa vya mviringo, maji yakibaki kama michirizi myembamba katikati.

Lakini ukiona 1950 usidhani ndipo Taylor alipoanza kulifikiria. Wakati wa vita alikuwa mmoja wa Waingereza walioshiriki kazi ya Los Alamos, kule New Mexico, Marekani, na tarehe 16 Julai 1945 alikuwepo jangwani bomu la kwanza la atomiki lilipolipuliwa.

Tusizungushe maneno. Mpaka kati ya vitu viwili vinavyotiririka ulitafutiwa hesabu za mashine kwa sababu ya bomu. Bomu lile lilikuwa na tufe la plutoni, limezungukwa na matabaka ya metali, na nje kabisa baruti. Baruti ikilipuka pande zote kwa mpigo mmoja, inalikandamiza tufe mpaka linasinyaa. Kwa nguvu ya namna hiyo metali haikai kama metali, inatiririka kama uji. Hapo ndipo ile glasi inaporudi: gesi nyepesi ya mlipuko inasukuma metali nzito, kutoka kila upande. Mpaka ukivunjika vidole vidole, tufe halisinyai sawasawa, na bomu linaharibika. Hofu ya namna hiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kukubali wazo la Robert Christy, kwamba tufe lisiwe na uwazi ndani bali liwe gumu tupu. Lilikuwa wazo la mtu mwangalifu. Tufe la namna hiyo lililipuliwa jangwani, na jingine likaangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945, na watu wakafa kwa makumi ya maelfu.

Na sisi tumo. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, Katanga, chini ya Wabelgiji, mahali ambapo Kiswahili kinasemwa mpaka leo. Majina ya wanasayansi wa Los Alamos nimeyakuta kwa urahisi, pamoja na nani alipenda kupiga ngoma. Majina ya waliochimba sijayakuta.

Mwanzoni hesabu za Los Alamos zilifanywa na watu, wengi wao wanawake, baadhi wakiwa wake za wanasayansi, kila mmoja na mashine yake ya mezani ya kuzidisha na kugawanya. Wakati huo neno kompyuta lilikuwa jina la kazi ya mtu. Mwaka 1944 zikaletwa mashine za IBM za kadi zenye matundu, na kijana Richard Feynman (ndiye huyo wa ngoma) akapewa kuongoza kundi lake. Lakini angalia jinsi hesabu yenyewe ilivyokuwa: walidhani tufe litabaki tufe. Ukidhani hivyo, mpaka wote unakuwa namba moja tu, yaani umbali wake kutoka kitovuni, na mashine inaweza kuifuata namba moja. Kwa hiyo watu waliohofia mpaka kuvunjika walipiga hesabu zao kwa kudhani hauvunjiki. Siwacheki. Mashine zile hazikuweza zaidi ya hapo. Ila naona ni jambo la kutisha kidogo, kwamba kitu unachokihofia ndicho usichoweza kukiandika.

Vita vikaisha, mashine zikakua, na watu wakataka kuufuata mpaka unaojikunja kweli. Hapo wakakwama, na kukwama kwao wavuvi watakuelewa kuliko mtu yeyote. Unaweza kutega kwa namna mbili. Ya kwanza ni wavu unaoelea, unakwenda na maji. Wavu huu unajua daima maji yapi ni yapi, maana kila tundu limeshikana na maji yake. Lakini maji yakianza kuzunguka, wavu unajisokota, na baada ya muda ni fundo tupu. Ya pili ni uzio wa miti uliochomekwa chini. Maji yanapita, uzio umesimama, hausokoteki hata siku moja. Ubaya wake ni huu: kwenye kompyuta kila chumba cha uzio kinabeba namba moja tu, wastani wa vilivyomo. Chumba chenye nusu mafuta na nusu maji kinaandikwa nusu. Hatua inayofuata, nusu ile inagawiwa kwa jirani, jirani naye anamgawia jirani, na kabla hujamaliza kikombe cha chai, mpaka uliokuwa mkali kama wembe umekuwa ukungu. Wenye hesabu wanaziita njia ya Lagrange na njia ya Euler, majina ya wazee wa karne ya 18.

Kwa hiyo swali halikuwa tena maji yanakwendaje. Milinganyo ya mwendo wa maji ilikuwa inajulikana tangu karne ya 19. Swali lilikuwa la kikarani kabisa: mpaka tuuandike wapi? Mpaka hauna uzito, hauna unene, si maji wala si hewa. Kompyuta inatunza vitu, na huu si kitu.

Mwaka 1953 alifika Los Alamos kijana aitwaye Francis Harlow. Kwanza akabuni njia ya kutia chembe ndani ya vyumba: uzio umesimama, ila maji yenyewe yanabebwa na chembe zinazotembea kutoka chumba hadi chumba. Hiyo ilikuwa 1955. Miaka 10 baadaye, 1965, yeye na J. Eddie Welch wakachapisha jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika habari hii, kwa sababu ni rahisi kiasi kwamba ningeweza kumweleza bibi yangu. Walimwaga vialama ndani ya maji. Si chembe zenye uzito, ni vidoa tu, kama vipande vya majani makavu mtoni. Vidoa havisukumi chochote, vinabebwa. Kazi yao ni kutoa ushahidi. Chumba chenye kidoa kina maji, chumba kisicho na kidoa ni kitupu, na chumba chenye kidoa kilicho jirani na kitupu, hapo ndipo ulipo uso wa maji. Basi! Mpaka haukuandikwa popote. Unausoma kwa kuangalia mashahidi wamefika wapi.

Kwa njia hiyo waliigiza bwawa lililovunjika: ukuta unaondolewa, nguzo ya maji inaporomoka na kukimbia sakafuni. Ukiziangalia picha zile leo ni nukta nyeusi tu kwenye karatasi nyeupe. Lakini ni maji, hushawishiwi na mtu. Jicho linajua maji.

Harlow huyu alikuwa mchoraji, na alikuwa bingwa wa vyungu vya Wapueblo, wenyeji wa nchi ile iliyojengwa maabara. Alivikusanya vyungu vyao na kuviandikia vitabu. Alifariki mwaka 2016. Kama ningekuwa namtunga mtu huyu katika riwaya mngesema nimezidisha chumvi: mchana anahesabu vitu vinavyotiririka katika maabara ya mabomu, jioni anatazama udongo uliokuwa unatiririka ukakaushwa na moto. Sijui nimpende au nisimpende. Nimemwacha hivyo hivyo.

Kuna kazi yake nyingine inayohitaji maelezo kidogo. Mwaka 1967, yeye na John Shannon waliigiza tone la maji likianguka kwenye maji. Tone hilo lina historia ndefu. Katika karne ya 19 Arthur Worthington wa Uingereza alilitazama tone kwa mwanga wa cheche, akachora kwa mkono kile jicho lilichobakiza: taji linaloinuka, mduara safi, ncha zimepangana kama za mfalme. Alichora hivyo kwa miaka. Miaka ya 1890 akafanikiwa kupiga picha, na picha zikamwonyesha mataji yaliyopinda, ncha moja ndefu nyingine fupi, pande zisizolingana. Mkono wake ulikuwa ukiyanyoosha maumbile. Sasa tazama tone la 1967: limenyooka kabisa, pande zote sawa. Si kwamba maumbile yalirudi kunyooka. Ni kwamba kompyuta ya wakati ule iliweza kuhesabu kipande kimoja tu kutoka katikati hadi pembeni, kisha kikazungushwa kuwa duara. Taji lilipatikana, ncha zake hazikuweza kupatikana. Mashine ya thamani kubwa ilichora kosa lile lile la mkono wa Worthington, kwa sababu nyingine kabisa.

Vidoa vilikuwa na gharama. Vinahitajika vingi kila chumba, na kila kimoja kinakula nafasi ya kumbukumbu, na kumbukumbu ya kompyuta za zamani ilikuwa finyu kuliko ya simu mbovu ya leo. Ndipo likaja wazo la kibahili: badala ya vidoa, kila chumba kiandikiwe sehemu tu, kutoka 0 hadi 1, ya kiasi cha maji kilichomo. Mwaka 1976 W. F. Noh na Paul Woodward wa Livermore walitumia sehemu hizo kuukisia mpaka kwa mistari iliyosimama au kulala. Mwaka 1981 C. W. Hirt na B. D. Nichols wa Los Alamos wakaitoa njia iliyopata umaarufu mpaka leo, wakailinganisha na maporomoko ya maji ya kweli ambayo Martin na Moyce waliyapima Uingereza na kuyachapisha 1952. Mwaka 1982 David Youngs wa Aldermaston akaruhusu mstari ulalie upande wowote. Ubahili huu una uaminifu wake. Maji hayapotei, kwa sababu kinachotoka chumba hiki lazima kiandikwe chumba kile, kama daftari la mwenye duka. Umbo la mpaka ndilo linaloteseka. Unajua chumba kina robo ya maji, lakini robo hiyo imelala, imesimama, au ni vitone vitatu? Hujui. Unakisia.

Nawe umeona anuani hizo? Los Alamos, Livermore, Aldermaston. Zote tatu ni nyumba za mabomu. Mwaka 1992 Marekani ilisimamisha ulipuaji wa majaribio, na kazi kubwa ya kuhakikisha kwamba silaha zilizo ghalani zingelipuka ikahamia kwenye kompyuta. Wapo wanaosema ni afadhali bomu lilipuke ndani ya mashine kuliko ndani ya ardhi ya watu, na hilo siwezi kulipinga. Lakini silipendi neno "tu" ninapolisikia katika sentensi kwamba hizi ni hesabu tu.

Jibu la tatu lilitoka vyuo vikuu. Mwaka 1988 Stanley Osher na James Sethian walichapisha njia iliyohusu pia ndimi za moto, na mtu wa pwani akiisikia atasema mbona hii tunaijua. Fikiria ramani ya urefu wa nchi. Juu ya bahari ni namba chanya, chini ya bahari ni namba hasi, na ufuo uko pale panaposomeka 0. Hakuna aliyeuchora ufuo, umejitokeza. Maji yakikupwa, fungu la mchanga linachomoza peke yake. Yakijaa, visiwa viwili vinatengana bila mtu kushika kalamu. Basi wao kila mahali waliandika umbali wa kufika mpakani, chanya upande huu, hasi upande ule. Mpaka ukijikunja, ukikatika, ukiungana, namba zinajiendea. Ni jambo la kupendeza mno. Mwaka 1994 Mark Sussman na Peter Smereka, pamoja na Osher, wakalitumia kwa maji na hewa.

Lakini ramani hii haina daftari la duka. Hakuna anayehesabu maji. Kila hatua pembe kali zinalainika kidogo, kijitone chembamba kinakonda, halafu hakipo. Hakikukauka, hakikumwagika. Kimefutika kwa sababu namba zilizokizunguka zilikubaliana kwamba hakikuwahi kuwepo. Nilipolisoma hilo nilifunga simu nikakaa kimya.

Waliolitengeneza ni pamoja na Douglas Enright na Ronald Fedkiw, mwaka 2002, na dawa yao ilikuwa nini? Vidoa! Walivirudisha vialama, safari hii wakavipanga karibu na mpaka tu, pande zote mbili, ili ramani ikisahau, mashahidi waseme hapana, tulikuwa hapa. Kati ya mifano yao kulikuwa na maji yakimiminwa kwenye glasi. Sinema zilikwisha kubisha hodi. Nick Foster na Dimitri Metaxas walikuwa wameichukua njia ile ya 1965 na kuitumia kwa michoro ya kompyuta mwaka 1996. Foster akaipeleka kwenye filamu ya Antz ya 1998, na tope analoogea yule jitu wa kijani katika Shrek ya 2001 ni la ukoo huo. Tope hilo mimi nimeliona kibanda umiza, watoto 40 tumebanana kwenye mabenchi, tunacheka.

Yaliyobaki ni madogo kwa kuyasema, lakini hayajatatuliwa. Siku ya mvua simama kwenye dimbwi au utazame maji yanayochuruzika toka kwenye mgongo wa bati. Utaona vitone vinavyobiringika juu ya maji kama shanga, kwa muda mfupi, kabla ya kuzama. Kati ya kitone na dimbwi pana utando wa hewa, mwembamba kupita kiasi, na mpaka utando huo uminywe utoke, maji hayaungani na maji. Kwenye kompyuta ya sehemu na kwenye ile ya ramani, utando ukishakuwa mwembamba kuliko chumba kimoja hauonekani tena, na vitone vinaungana papo hapo. Hali kadhalika kwa wimbi linalovunjika: jani la maji likikonda kuliko chumba, linachanika pale pale. Si kwa sababu maji yamechanika, ni kwa sababu chumba kimekwisha. Ukipunguza ukubwa wa vyumba, linachanika mahali pengine. Wapo wanaotumia vyumba vidogo vidogo karibu na mpaka, wapo wanaoweka sheria ya kuzuia vitone visiungane mapema, na kila mmoja anaandika makala kueleza kwa nini wimbi lake limevunjikia hapa na la mwenzake pale.

Wimbi la kwenye daftari langu la tatu bado linaning'inia juu ya jahazi. Nahodha ameliona, mwanawe bado.